Hesabu za pesa bila kikokotoo: mwongozo kamili kutoka duka la Langoni

Ami yangu alikuwa na duka dogo Langoni, mjini Lamu, na kikokotoo alikiona ni kitu cha kuchelewesha wateja. Mtu akitaja alichonunua, ami alikuwa ameshampa jumla kabla hajamaliza kukunja kikapu. Nilipofika miaka thenashara, kama walivyokuwa wakihesabu mabibi zetu, niliwekwa mbele ya kibweta cha pesa na kuambiwa niuze. Wiki ya kwanza nilipata hasara kila siku.

Nilichokuja kukifahamu baadaye ni kwamba ami hakuwa na akili ya ajabu. Alikuwa akisikiliza maneno. Kiswahili chetu kimejaa maneno ya hesabu: kasoro, unusu, robo, korja, ushuri. Kila moja ni njia ya mkato iliyokwisha kutengenezwa, nasi tunaitumia kutaja saa au kununua miti, kisha tukifika kwenye pesa tunakimbilia simu. Mwongozo huu unafuata maneno hayo. Bei zote humu ni za mfano tu, kwa hivyo usije ukanishika nazo sokoni.

Hatua ya 1: Kisikie kiasi vizuri

Anzia hapa hata kama unajiona fundi. Makosa makubwa kabisa niliyoyashuhudia hayakuwa ya kujumlisha, yalikuwa ya kusikia.

Chukua kauli hii: "elfu mia mbili na hamsini." Mwenye kiwanja anamaanisha 250,000. Mnunuzi mwenye ujanja wake anaweza kushikilia kuwa ni 200,050, na kwa sarufi huwezi kumkatalia. Hapo pana tofauti ya shilingi 49,950, na watu wanaweza kufika mahakamani. Hata "elfu kumi na tano" ina mlango huohuo: ni 15,000 au ni 10,005? Kwa kawaida tunaelewana, lakini pesa zikiwa nyingi usitegemee kawaida.

Dawa zipo tatu. Ya kwanza ni laki: 250,000 ni "laki mbili na nusu", au "laki mbili na elfu hamsini", na hakuna atakayekosea. Ya pili ni kutaja neno "shilingi" kabla ya kile kidogo cha mwisho: 10,005 ni "elfu kumi na shilingi tano". Ya tatu ni kugeuza, elfu ije nyuma: "kumi na tano elfu". Ukiandika mkataba, andika tarakimu na maneno pamoja.

Kwenye maandishi, mkato hutenga maelfu na nukta hutenga senti: 12,500 ni elfu kumi na mbili unusu, na 12.50 ni shilingi kumi na mbili na senti hamsini. Alama ya 500/= kwenye risiti inamaanisha shilingi mia tano kamili, bila senti. Mistari ile miwili imewekwa ili mtu asije akachomeka kitu pale. Na ukikutana na mzee anayekutajia "miteni", ni mia mbili. "Elfeni" ni elfu mbili. Senti hamsini yeye ataiita sumni, neno lililotokana na thumuni, sehemu ya nane, tangu enzi za sarafu nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Jumlisha kwa kutafuta marafiki

Shuleni tulifundishwa kuanzia kulia, kwenye mamoja. Hiyo ni njia ya kalamu. Kichwani anza na kikubwa, na zaidi ya hapo, usijumlishe kwa mpangilio uliotajiwa. Tafuta namba zinazopendana.

Mteja anachukua unga 185, sukari 320, mafuta 415, majani ya chai 65, sabuni 80, chumvi 35. Ukienda mstari kwa mstari utabeba 505, kisha 920, kisha 985, na katikati mtu atakuuliza kama kuna viberiti na kila kitu kitapotea. Badala yake: 185 na 415 ni 600. 320 na 80 ni 400. 65 na 35 ni 100. Jumla 1,100.

Marafiki wa mia ndio wa kujua kwa moyo: 65 na 35, 85 na 15, 45 na 55, na wenzao. Mwambie mtoto akutajie moja nawe umjibu mwenzake mkiwa njiani kwenda Shela. Mkifika mtakuwa mmemaliza.

Hatua ya 3: Chenji hairudishwi kwa kutoa, hurudishwa kwa kujazia

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo iliyonitia hasara zile za mwanzo, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Bei ni 365, mteja ametoa noti ya elfu. Usitoe 365 kwenye 1,000 kichwani. Simama kwenye 365 na upande hadi elfu, ukiweka pesa mkononi mwake huku ukitaja unapofika:

Weka 5, sema "mia tatu na sabini". Weka 10 na 20, sema "mia nne". Weka 100, sema "mia tano". Weka noti ya 500, sema "elfu". Umemaliza. Hukuwa na haja ya kujua kwamba chenji ilikuwa 635, na mteja amehesabu pamoja nawe, hawezi kurudi kesho na malalamiko.

Sarafu zetu zimekaa vizuri kwa kazi hii: 1, 5, 10 na 20, kisha noti za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Kwa sarafu zilizotoka 2018 watu wanaelewana hata kwa wanyama: twiga ni moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. "Nipe ndovu wawili" ni arobaini.

Ukitaka kujua chenji ya elfu mapema, kuna mkato. Kila tarakimu ijazie ifike tisa, ila ya mwisho ijazie ifike kumi. 365: tatu inataka sita, sita inataka tatu, tano inataka tano. 635. Bei ikiishia na sifuri, sifuri ibaki ilivyo na uijazie kumi ile iliyo kabla yake: 740 inakuwa 260.

Sasa ule ujanja wa mtu mzima. Huna noti ndogo kibwetani. Bei ni 365 na mteja ana elfu. Mwulize: "Huna sitini na tano?" Akikupa, ana 1,065, unamrudishia 700, noti mbili tu, ya mia tano na ya mia mbili. Watoto wengi wa duka hushangaa mteja anapofanya hivi mwenyewe, humrudishia sarafu zake wakidhani amezidisha. Mimi nilimrudishia bibi mmoja sarafu zake mara tatu, hadi akaniuliza kama nimelala.

Na kanuni moja ambayo si hesabu lakini ni ya hesabu: noti ya mteja ibaki juu ya meza, usiitie kibwetani mpaka chenji iwe mkononi mwake. Mtu aliyekupa mia tano akisema alikupa elfu, ushahidi uko mbele yenu wote wawili. Na akianza kubadilisha mawazo katikati, "hebu nipe noti yangu nikupe hii, na hiyo nayo univunjie", simamisha kila kitu. Rudisha pesa zake zote, chukua zako zote, anzeni upya. Mwenye haja ya kweli atangoja. Yule mwingine ataondoka zake.

Hatua ya 4: Zidisha kwa kasoro, nusu na robo

Tunasema saa mbili kasorobo bila kufikiri. Basi na bei ifanye hivyohivyo. Sabuni sita za shilingi 195 ni sita za mia mbili, kasoro sita za tano: 1,200 kasoro 30, yaani 1,170. Bei za 99 na 495 ambazo maduka makubwa hupenda kuandika zinalainika mara moja ukizitamka hivi: mia kasoro moja, mia tano kasoro tano.

Mara tano ni mara kumi ikakatwa nusu. Mara ishirini na tano ni robo ya mara mia: makuti 25 ya shilingi 36 ni robo ya 3,600, yaani 900. Na ukiona namba mbili zisizopendeza, moja ikate nusu na nyingine uiongeze mara mbili: vikombe 16 vya shilingi 45 ni sawa na vikombe 8 vya 90, yaani 720.

Penye mizani ndipo robo inapolipa. Nenda soko la samaki karibu na Ngome asubuhi, changu wako 480 kwa kilo, mizani imesoma kilo mbili na robo. Kilo mbili ni 960, robo ya 480 ni 120, jumla 1,080. Mizani ya dijitali ikikuandikia 1.35, usiogope nukta. Vunja vipande: kilo moja 480, robo kilo 120, na sehemu ya kumi 48. Robo na sehemu ya kumi ndiyo ile 0.35. Jumla 648. Ukikosa kuvunja vizuri, kadiria: 1.35 iko kati ya kilo na robo na kilo unusu, kwa hivyo bei haina budi iwe kati ya 600 na 720. Akikutajia 780, mwombe apime tena.

Hatua ya 5: Korja

Wasiokaa Lamu wanaweza kuruka hapa, lakini watakosa raha. Miti ya mikoko, iliyovuka na majahazi hadi Uarabuni miaka na miaka, kwetu huuzwa kwa korja, na korja ni ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina na bei yake, lakini korja ni ileile.

Kutoka bei ya korja kwenda bei ya mti mmoja: toa sifuri, kata nusu. Korja ya boriti kwa 7,000 ni 700, nusu yake 350. Kurudi nyuma: zidisha mara mbili, tia sifuri. Mti wa 420 ni 840, korja ni 8,400.

Kwa hivyo fundi akikwambia nyumba inataka korja tatu na miti saba, kwa bei ya 7,000: korja tatu ni 21,000, miti saba ni 2,450, jumla 23,450. Muuzaji akikwambia hiyo miti saba ataipiga kama nusu korja "kwa urahisi wa hesabu", ujue nusu korja ni miti kumi. Anakutaka 3,500 kwa kitu cha 2,450. Urahisi huo ni wake.

Mkato huu unafaa kwa chochote kinachoenda ishirini ishirini. Dazani haina bahati hiyo. Kumi na mbili chukua robo kwanza, kisha thuluthi ya hiyo robo: dazani ya 1,080 ni 270, kisha 90 kwa kimoja.

Hatua ya 6: Kugawana

Watu saba wanakodi mashua kwenda Kipungani kwa 4,500. Ukigawa sawasawa unapata 642 na senti nyingi zisizokuwepo mfukoni mwa mtu yeyote. Pandisha hadi kiasi kinacholipika, 650, kusanya 4,550, na semeni mapema ile hamsini iliyobaki ni ya nani. Mara nyingi ni ya kahawa. Usishushe hata siku moja: ukikusanya 640 kila mtu utapata 4,480, na ile ishirini iliyopungua utailipa wewe uliyeshika pesa.

Mgao wa uvuvi una jambo zito zaidi, nalo ni mpangilio. Kwanza gharama, kisha mafungu. Tuseme mauzo ni 18,600, mafuta 4,200 na barafu 900. Toa 5,100, inabaki 13,500. Mmeafikiana chombo kina mafungu matatu, nahodha mawili, na wavuvi wanne fungu mojamoja. Mafungu ni tisa. Gawa 13,500 kwa tisa: fungu ni 1,500. Chombo 4,500, nahodha 3,000, kila mvuvi 1,500. Jumlisha urudi: 4,500 na 3,000 na 6,000 ni 13,500.

Mtu akigawa mauzo yote kwanza kisha akataka gharama zilipwe "kwa usawa", vichwa sita kila mmoja na wake, 5,100 inagawika 850 kwa chombo, nahodha na kila mvuvi. Fungu la mvuvi lingekuwa 2,066 na kitu, akitoa 850 anabaki na 1,216. Amepoteza zaidi ya 280 na hakuna aliyemwibia, ni mpangilio tu. Afikianeni kabla samaki hawajatolewa majini.

Hatua ya 7: Asilimia kwa ushuri

Ushuri ni sehemu ya kumi, na ushuru tunaolipa serikalini ni ndugu yake wa neno. Sehemu ya kumi ya pesa yoyote hupatikana kwa kusogeza nukta mara moja, na asilimia karibu zote zinazaliwa hapo.

Anayetoa zaka ya akiba yake anatafuta asilimia mbili na nusu. Hiyo ni robo ya ushuri, sehemu ya arobaini. Akiba ya 84,000: ushuri 8,400, nusu yake 4,200, nusu tena 2,100. Hiyo ndiyo zaka, na hakuna kilichofanyika zaidi ya kusogeza nukta na kukata nusu mara mbili.

VAT ya asilimia 16 ijenge hivihivi: ushuri, nusu ya ushuri, na moja kwa mia. Kwa 2,500 ni 250, 125 na 25, jumla 400, unalipa 2,900. Lakini ukishika risiti ya 2,900 yenye VAT ndani na kutaka kujua kodi ni ngapi, usichukue asilimia 16 ya 2,900. Utapata 464, na si kweli, kwa kuwa kodi ilipigwa juu ya 2,500. Gawa kwa 29, zidisha kwa 4. 2,900 kwa 29 ni mia, mara nne ni 400. Namba hizo mbili hufanya kazi kwa risiti yoyote ya asilimia 16.

Mtego wa pili ni wa faida. Umenunua mkeka Matondoni kwa 600, umeuuza 750. Faida ni 150. Hiyo ni robo ya mtaji, asilimia 25, lakini ni humusi ya mauzo, asilimia 20. Zote mbili ni kweli. Mwenzako akijisifu kwa asilimia, mwulize ya nini. Na bei iliyopandishwa asilimia 20 kisha ikapunguzwa asilimia 20 hairudi ilipotoka: 1,000 hupanda 1,200, kisha hushuka hadi 960.

Ukituma pesa kwa simu, kiasi na ada ni vitu viwili. Mtu anayetaka 3,000 mkononi atahitaji 3,000 na ada ya kutoa, na ada hiyo hupangwa kwa madaraja. Kutuma mara mbili kidogokidogo kunaweza kuwa ghali au rahisi kuliko mara moja. Tazama orodha iliyobandikwa kwa ajenti kabla hujaamua.

Hatua ya 8: Daftari likikataa kulingana

Jioni unajumlisha na mambo hayakutani. Kabla hujaanza kusoma kila mstari, tazama ile tofauti yenyewe, maana ina habari.

Tofauti ikiwa inagawika kwa mbili bila baki, chukua nusu yake na uitafute daftarini. Ukiikuta, yawezekana ulijumlisha palipotakiwa kutolewa: malipo ya 400 yakiandikwa kama deni hupotosha jumla kwa 800.

Tofauti ikigawika kwa tisa, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Jioni moja vikaratasi vya madeni vilinipa 8,940 na daftari likanipa 8,670. Nilihangaika tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Ami alitoka ndani, akatazama 270, akasema, "Gawa kwa kenda." Thelathini. "Basi ni mamia na makumi, na baina yao pana tatu." Alipitisha kidole kwenye ukurasa, akakisimamisha mahali nilipoandika 360. Kikaratasi kilisema 630.